GnuPG: Ufunguo Unaobaki Mkononi Mwako

Nimeitumia programu ya GnuPG kwa miaka sita kusimba barua pepe na mafaili yangu, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo, na sababu iliyonifanya niichague ndiyo hiyo hiyo inayozikera serikali: hakuna kampuni wala ofisi inayotunza nakala ya ufunguo wangu wa siri.

Chimbuko lake ni PGP, programu ya usimbaji aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991. Marekani, ambayo wakati huo iliuhesabu usimbaji imara kuwa zana ya kivita isiyopelekwa nje bila kibali, ilimchunguza hadi Januari 1996, kisha ikamwacha bila kumfungulia mashtaka. Katika kipindi hicho hicho ilileta chipu ya kusimba mazungumzo ya simu iliyoitwa Clipper, ambayo ufunguo wake ulikusudiwa kuhifadhiwa nusu kwa nusu katika ofisi mbili za serikali. Mwaka 1994 mtafiti Matt Blaze alionyesha kwamba sehemu ya chipu hiyo ya kuiwezesha serikali kusikiliza ingeweza kukwepwa, na baadaye mradi wote ukafa. GnuPG, kazi ya Mjerumani Werner Koch, iliandikwa nje ya Marekani ili isibanwe na sheria hizo, na serikali ya Ujerumani yenyewe iliichangia fedha.

Kabla sijamwandikia mtu kwa mara ya kwanza, humpigia simu tukahakiki alama ya ufunguo wake wa umma, ule anaowapa watu wamsimbie barua: herufi na tarakimu 40, zimepangwa nne nne, mmoja akisoma polepole na mwenzake akifuatisha kwenye skrini. Mwanzoni niliuona usumbufu mtupu. Sasa naamini hapo ndipo usalama wote ulipo, kwa sababu anayetaka kukudukua hana haja ya kuivunja hesabu ya usimbaji ikiwa anaweza kukupa ufunguo bandia ukaupokea bila kuuliza. Hesabu yenyewe imestahimili: nyaraka za siri alizozivujisha Edward Snowden, zilizochapishwa na jarida la Ujerumani Der Spiegel mwishoni mwa 2014, zilionyesha kuwa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, lilikuwa ikikwama mbele ya ujumbe uliosimbwa kwa PGP.

Kasoro zipo, na ni kubwa. Programu haifichi ni nani anamwandikia nani, na kwa kawaida kichwa cha barua hubaki wazi, taarifa ambazo mpelelezi mwenye subira huweza kuridhika nazo. Ufunguo wa siri ukiibwa pamoja na nywila yake, barua zote za zamani zilizosimbwa kwa ufunguo huo zinafunguka. Tena hakuna wa kumlilia ukisahau nywila. Mimi nilisahau, nikapoteza barua za miaka miwili, zikiwamo za rafiki ambaye sasa ni marehemu.

Kuna na jambo ambalo programu yoyote haiwezi kulizuia. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 2000 inaruhusu mtu kuamriwa atoe ufunguo wake, na anayekataa anaweza kufungwa hadi miaka 2, au 5 shauri likihusu usalama wa taifa. Serikali iliyoshindwa kuufungua mlango humgeukia mwenye nyumba.

Kwa mazungumzo ya kila siku siipendekezi, maana ni nzito na inachosha. Kwa hati na barua ambazo hutaki zipite mkononi mwa mtu wa kati, sijapata inayoizidi. Ukiiweka, siku hiyo hiyo nakili hati ya kubatilisha ufunguo, inayowajulisha wengine kwamba ufunguo huo usitumike tena na ambayo programu huitengeneza yenyewe, uihifadhi mbali na kompyuta yako.