Kupanga nyumba ya Mjerumani Tanga: uzoefu wangu, kuanzia msingi hadi bati

Kwa wanaouliza kama nyumba za zamani za Tanga, zilizojengwa enzi za Mjerumani, zile za mtaa wa Raskazone na za karibu na bandari, zinafaa kupanga: zinafaa. Naipa ninayokaa nyota nne kati ya tano. Ile moja imeliwa na saruji, nitaeleza.

Kwanza ubaridi. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, unene wa sentimita 50 hadi 60, kwa hiyo joto la mchana huchukua saa nyingi kufika ndani. Dari iko juu sana, na varanda inaukinga ukuta dhidi ya jua na mvua. Juu ya milango kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Ukishaziba matundu hayo na kushusha silingibodi ili ufunge kiyoyozi, umejinunulia fukuto na bili ya umeme. Ukitaka kiyoyozi, weka chumba kimoja cha kulala, basi.

Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na nyumba za namna hii ni za miaka kati ya hapo na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mawe na chokaa walivikuta pwani. Walichokuja nacho ni mihimili ya chuma. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya mawe ni vyembamba. Kwa chuma waliweza kupanua sebule. Waingereza waliofuata walipenda zaidi nyumba ya chini, msingi umeinuliwa, jiko likiwa nyuma mbali pamoja na vyumba vya watumishi. Viwanja vipana vya upepo vilikuwa vya Wazungu, Waafrika wakakaa mtaa wa Ngamiani, kwenye barabara zinazoitwa kwa namba. Upepo tunaoulipia kodi leo uligawiwa kwa rangi ya ngozi.

Sasa saruji. Nyumba hizi nyingi hazina kizuizi cha unyevu kwenye msingi, kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ukutani. Lipu ya chokaa huyaacha yakauke kupitia usoni mwa ukuta. Fundi akipiga lipu ya saruji, halafu rangi ya mafuta juu yake, maji yanakosa pa kutokea. Yanapanda zaidi, na chumvi inakusanyika nyuma ya lipu na kuisukuma. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole hadi usawa wa kiuno: ukisikia mlio wa uwazi, au ukiona unga mweupe chini ya rangi iliyovimba, hapo ndipo penyewe. Kupiga saruji nyingine juu yake ni kutupa hela.

Dawa ni kubandua saruji yote hadi kwenye jiwe, nusu mita kupita alama ya unyevu, kupiga brashi kavu kuondoa chumvi, na kuuacha ukuta ukauke wiki kadhaa. Kisha lipu ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mto uliooshwa (wa baharini hapana, una chumvi), kwa mikono (tabaka) miwili au mitatu, kila mkono usizidi sentimita moja. Lowesha ukuta kabla, kisha ufunike kwa magunia mabichi siku kadhaa, maana chokaa hukomaa polepole kwa hewa. Ikikauka haraka inapasuka na kugeuka unga. Malizia kwa chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au zaidi.

Kwenye nyumba ya ghorofa, angalia dari za vyumba vya chini kabla ya kusaini. Mistari ya kahawia iliyonyooka, yenye nafasi sawa, ni mihimili inayokula kutu. Kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, hivyo zege lililoishika linapasuka na kudondoka vipande. Hiyo si kazi ya mpangaji. Mwenye nyumba asije akakwambia ni ya rangi tu.

Paa la vigae likivuja, mara nyingi kigae ni kizima ila papi, ule ubao mwembamba unaokishika, imeliwa na mchwa, kigae kikateleza. Panda darini na tochi mchana: mwanga ukiingia, mvua nayo itaingia. Soketi za matundu ya mviringo zinakuonyesha nyaya hazijaguswa tangu enzi za Waingereza. Dai zibadilishwe zote, pamoja na waya wa ardhi, kabla ya kuhamia.

Usidhani pia kwamba sheria inailinda nyumba. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya Mjerumani yanahitaji kutangazwa rasmi. Kwa hiyo mwandikie mwenye nyumba kwenye mkataba: paa, mihimili na nyaya ni juu yake, na lipu yoyote mpya iwe ya chokaa.