Nanga ya mwavuli: ilivyotushika kwenye dhoruba ya radi

Kama una mashua ndogo ya tanga yenye chumba, na unajiuliza kama nanga ya mwavuli ina faida, mimi nasema inunue, ila tenga fedha ya kamba kabla ya fedha ya mwavuli. Wengi huisifia kama kifaa cha tufani za bahari kuu, zile zinazopiga usiku na mchana. Mimi nimeipenda kwa sababu nyingine: radi. Chomboni mwangu hakuna kitu kingine kinachoniruhusu kuuacha usukani na kuingia ndani wakati umeme unapiga juu ya maji.

Niliyonunua ni mwavuli wa nailoni nzito wenye kipenyo cha meta 2.7, kwa mashua ya meta 7. Kipimo hicho kinafuata kanuni inayokubalika kwa nanga hizi za maji, kwamba kipenyo kiwe kama asilimia 35 hadi 40 ya urefu wa chombo. Haigusi chini. Unaitupa kutoka omo, yaani mbele ya chombo, inajaa maji na kufunguka chini kidogo ya uso wa bahari, halafu mashua inarudi nyuma polepole huku omo likiangalia upepo na mawimbi. Kabla yake nilikuwa na ile ya zamani ya turubai, yenye umbo la koni na pete ya chuma mdomoni. Ile inapunguza mwendo kweli, lakini kwa mashua yenye omo refu lililoinuka haitoshi. Upepo ukishika, omo linaanguka pembeni na mashua inalala ubavu kwa mawimbi, jambo ambalo ndilo ulikuwa unalikimbia.

Kwa nini radi? Katikati ya maji mlingoti wako ndio kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nyingi. Mkondo wa radi moja mara nyingi hufika ampea 30,000. Ukipiga mlingoti unashuka nao, unagawana njia kwenye nyaya zinazoushikilia, na mahali ambapo hakuna njia nzuri ya kufika majini unaruka hewani kutafuta nyingine. Mtu aliyeketi tezi, yaani nyuma ya chombo, ameshika usukani wa chuma, mgongo wake umegusa waya, anaweza kuwa ndiyo njia hiyo. Ushauri wa usalama unajulikana: ingieni ndani, kaeni chini, mbali na mlingoti, na mtu asiguse vyuma viwili kwa wakati mmoja. Ni ushauri mzuri, lakini nani atashika usukani? Mashua isiyo na mtu wala tanga hugeuka ubavu. Na upepo wa dhoruba ya radi unakuja kwa kishindo. Mvua inapopoesha hewa ndani ya wingu, hewa hiyo inakuwa nzito, inaporomoka, inapiga maji na kutawanyika pande zote mbele ya mvua yenyewe. Ndiyo maana baridi hukufikia kabla ya tone la kwanza. Upepo ukiongezeka mara tatu, nguvu yake juu ya chombo inaongezeka mara tisa.

Hapo ndipo nanga hii inapokuwa mtu wa nne chomboni. Sisi tulikuwa watatu: mimi, kaka yangu mdogo, na baba, ambaye goti lake halimruhusu tena kutambaa kwenda omo.

Wingu tuliliona mapema, kubwa, kilele chake kimesambaa bapa kama fuawe la mhunzi. Upepo wetu ulikuwa wa kusini, mwanana. Ukafa ghafla. Tanga likaanza kupigapiga bila kazi, na upande wa magharibi maji yakabadilika rangi, yakawa meusi. Kaka aliuliza, "Dada, tunapunguza au tunatua lote?" Nikamwambia lote. Baba alikuwa tayari anahesabu kwa sauti kati ya mwako na ngurumo: sekunde 36. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwenda kilomita moja, kwa hiyo radi ilikuwa umbali wa kilomita 12 hivi. Ikishuka chini ya 30 hakuna mtu anayepaswa kuwa juu ya sitaha bila sababu kubwa. Tulikuwa na muda, lakini si wa kuanza kufungua mafundo.

Sifa ya kwanza ya bidhaa hii ni mfuko wake. Mwavuli hukunjwa ndani yake kwa namna ambayo mfuko wote unatupwa majini, na mvuto wa kamba ndio unaoufungua. Hakuna kitambaa kinachopeperuka sitahani, hakuna nyuzi za kushikana na kigingi cha kufungia kamba. Kaka alipiga magoti omo, amevaa jaketi okozi la Newton 150 (kipimo cha nguvu yake ya kumwelesha mtu) na mkanda wa usalama umefungwa kwenye kamba ya sitaha. Akasubiri baridi ya magharibi ishike sawasawa na mashua ianze kurudi nyuma, ndipo akautupa upande unakotoka upepo. Upande huo si wa hiari. Ukiutupa upande wa pili, chombo kinaelea juu yake na kamba inaweza kunasa kwenye mkuku, ule uti wa chini ya chombo, au usukani. Akaachia kamba kidogo kidogo, akiibana kwa zamu kwenye kigingi, mpaka mwavuli ukashika. Omo likageuka lenyewe kuelekea magharibi. Nililiona likigeuka na nikapumua.

Huku nyuma mimi nilifunga usukani katikati kwa kamba mbili. Wauzaji hawalisemi hili kwa sauti ya kutosha. Chombo kikining'inia kwenye nanga ya mwavuli kinakwenda kinyumenyume, na wimbi likikisukuma kwa nguvu, usukani ulioachwa huru unaweza kupinda hadi mwisho na kuvunjika. Kisha nikachomoa waya wa antena ya redio kubwa. Redio ya mkononi tulibaki nayo, ikiwa kwenye chaneli 16, maana ile ni sauti yetu ya kuomba msaada. Simu na kipokezi cha akiba cha GPS viliingia ndani ya sufuria la chuma lenye kifuniko, ili chuma kivikinge na umeme wa radi. Tukaingia chumbani, tukafunga mlango, tukaketi sakafuni. Baba alinyoosha goti lake katikati yetu, akaanza tena kuhesabu. Sekunde tisa. Sita. Halafu mwako na mlio vikaja pamoja na hapakuwa na cha kuhesabu.

Sasa niseme jinsi kifaa kilivyofanya kazi, maana ndicho ninachotathmini. Mashua haikutulia. Asikudanganye mtu. Omo lilikuwa likiyumba kushoto na kulia, na mawimbi ya dhoruba ya radi ni mafupi, yamesimama wima, kwa sababu upepo haujapata muda wa kuyanyoosha. Kila wimbi lilituinua na kutuangusha. Lakini hatukulala ubavu hata mara moja. Upepo ulipohama kutoka magharibi kwenda kaskazini magharibi, mashua ililegea kidogo, ikajizungusha, kamba ikakaza tena. Hakuna mkono wa mtu uliohusika, na umeme ulikuwa juu ya vichwa vyetu wakati huo. Kwa hilo peke yake fedha yangu imerudi.

Kilichofanya tusing'olewe kigingi ni kamba. Yetu ni nailoni ya milimita 14, urefu wa meta 75, yaani zaidi kidogo ya mara kumi ya urefu wa mashua. Nailoni inanyumbuka. Wimbi linapokusukuma nyuma, kamba inarefuka na kumeza kishindo badala ya kukipeleka kwenye mbao na skrubu. Ukitumia kamba isiyonyumbuka, au nailoni fupi ya meta 20, kila wimbi ni nyundo. Urefu una faida nyingine: unaweza kuuongeza au kuupunguza ili mashua na mwavuli viwe juu ya wimbi kwa wakati mmoja na chini kwa wakati mmoja. Mwavuli ukiwa bondeni wakati wewe uko kileleni, kamba inalegea kisha inastuka. Na pale kamba inapopita ukingoni mwa omo, ivishe kipande cha bomba la mpira. Bila hicho ingesagika. Chetu kilitoka na mikwaruzo mirefu, kamba iliyokuwa ndani ilikuwa safi.

Kasoro zipo, na kwa bidhaa inayobeba uhai wa watu siwezi kuzifumbia macho. Kiungo kinachozunguka, kile kinachozuia kamba isijisokote mwavuli unapogeuka majini, kilikuja na kifaa na kilikuwa kimeanza kutu kabla ya dhoruba, ingawa kimeandikwa kuwa ni cha chuma cha pua kisichoshika kutu. Kilikuwa bado kinazunguka, kwa shida. Sehemu hiyo inashika mzigo wote, na mtengenezaji kuibania ndiyo lawama yangu kubwa. Kijitabu cha maelekezo kinasema tu kamba iwe "ndefu ya kutosha". Mnunuzi mgeni atajuaje? Tena kimechapishwa kwenye karatasi ya kawaida inayoloa. Na boya linalokuja na kamba ya kuvutia mwavuli wakati wa kuutoa ni dogo mno. Lilizama mara kwa mara na kamba yake ikajizungusha kwenye kamba kubwa.

Kuutoa majini kunahitaji subira. Wingu moja la radi mara nyingi humaliza nguvu zake ndani ya saa moja, na mtu hushawishika kutoka mvua ikipungua. Kanuni ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kamba iliyolowa maji ya chumvi si kitu cha kushika radi ikiwa bado karibu. Baba alitushikilia kwenye hilo. Kaka alipoinuka mapema alimwambia, "Kaa, mwanangu. Bahari haikimbii." Dakika zilipotimia tuliwasha injini, tukaenda taratibu kuelekea boya, tukavuta ile kamba nyembamba iliyofungwa kileleni mwa mwavuli. Ukivutwa kutoka hapo unageuka, unamwaga maji na unakuja mwepesi. Usijaribu kuuvuta kwa kamba kubwa ukiwa umejaa. GPS ilipotoka sufuriani ilionyesha kwamba tulikuwa tumesukumwa chini ya maili moja ya bahari.

Hiyo chini ya maili moja ndiyo inayoamua nani asinunue. Kama safari zako ni kwenye mikondo myembamba, au karibu na mwamba ulio upande unakoelekea upepo, kifaa hiki hakikufai, kwa sababu kinahitaji nafasi nyuma yako na maji yenye kina. Kwa huyo, nanga ya kawaida na kuangalia utabiri kabla ya kutoka ni bora zaidi. Vilevile mwenye chombo kisicho na chumba atapata faida ya omo kukaa kwenye upepo, lakini hatapata ile ya kujificha. Na kabla ya yote chungulia chini ya kigingi chako cha omo. Kama kimeshikwa na skrubu tu juu ya ubao, kifunge upya kwa bolti zinazopenya hadi chini na bamba la chuma ndani, la sivyo mwavuli utabaki na kigingi na wewe utabaki na tundu.

Baada ya safari tuliusuuza kwa maji yasiyo na chumvi na kuukausha kivulini, kwa kuwa jua huila nailoni. Nimekagua mishono yote nane inayoshika nyuzi za pembeni, moja moja, kwa kidole. Kiungo kipya na boya kubwa nimeshaagiza kwa muuzaji mwingine. Mwavuli wenyewe haukuhitaji hata uzi mmoja.