Wamenitoa mezani kwa kujua kuhesabu: uzoefu wangu na blekijeki Malindi

Msiende. Jina la kasino nimeliacha kwa sababu sitaki barua za mawakili, lakini yule kijana wa suti aliyekuja kuninyanyua bila hata "habari za jioni", rika la mwanangu wa kwanza, akisoma haya atajijua.

Meza yao ya blekijeki wameiwekea ile mashine inayochanga karata mfululizo. Raundi ikiisha, dila, yaani mgawa karata, haweki karata pembeni, anazirudisha humo humo na mashine inazichanganya na zilizobaki. Ree uliyoiona sasa hivi yaweza kutoka tena punde. Na kuhesabu si uchawi: ikitoka 2 hadi 6 unaongeza moja, 7 hadi 9 unaziacha, 10, za picha na ree unapunguza moja. Jumla ikipanda ujue kubwa, zinazomfaa mchezaji, ndizo zilizobaki, unaongeza dau. Sasa kama zilizotoka hazikai nje, utahesabu nini? Tangu Edward Thorp, mwalimu wa hesabu wa Marekani, alipoianika njia ya kuhesabu mwaka 1962, kasino zinaitafutia dawa. Seti moja ya karata zikawa sita, zikawa nane, kisha ndiyo hii mashine.

Mimi sikugombana nayo. Mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake. Tena anayecheza kwa kanuni tu, bila kuhesabu, mashine haimuumizi sana kwa kila mkono, ila inamkimbiza: hakuna kusubiri karata zichangwe, mikono inakuwa mingi kwa saa, na pesa nazo zinaondoka kwa mwendo huo huo.

Basi usiku huo ikakwama. Taa nyekundu ikawaka, dila akafunua kifuniko, akapenyeza vidole viwili na kuchomoa saba ya uru iliyojikunja pembe. Hewa yetu ya bahari hiyo, karata zinalegea kama chapati za jana. "Mjomba, nivumilie kidogo," akaniambia, na huyo dada sina neno naye hata moja. Akafunga, ikanguruma, ikakwama tena. Mara ikatema karata mbili kwa pamoja. Mwishowe wakaamua zichangwe kwa mkono, seti zote, zipangwe kwenye kisanduku cha kawaida. Mzee mmoja Mtaliano, mkazi wa Malindi wa siku nyingi, alikuwa anaaga. Kuona hivyo akaketi tena na kuagiza kahawa.

Karata ndogo zikamwagika, tano, nne, sita, tatu, mpaka nikawa nauma ulimi nisitabasamu. Nikapanda kutoka 500 hadi 2,000. Ree na karata ya picha zikanijia pamoja, ndiyo blekijeki yenyewe, nikalipwa 3,000. Hapo niwape haki yao: wanalipa 3 kwa 2. Kwingine siku hizi ni 6 kwa 5, yaani kwa 2,000 hiyo hiyo ningepewa 2,400, na huo ni wizi mkubwa kuliko mashine yoyote.

Ndipo akatokea kijana.

"Simama. Mfumo umekuonyesha."

Mfumo gani? Akanyanyua kidevu kuelekea kamera ya darini. Nikamuuliza imeona nini, mikono yangu iko mezani, simu iko mfukoni. Akasema dau langu linapanda na kushuka na karata. Kumbe ndiyo hizo programu za kulinganisha kila karata iliyotoka na kila chipu uliyoweka! Ya kuchanga inashindwa na unyevu, ya kunichunguza mimi haijakwama hata siku moja.

Nikamwambia hata Nevada, kule Marekani, sheria yao ya mwaka 1985 inakataza vifaa vya kuhesabia, kichwa haikukigusa. New Jersey nako, kwenye kesi ya Ken Uston, mhesabu karata maarufu, mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliamua mwaka 1982 kwamba kasino haiwezi kumfukuza mtu kwa sababu anajua kuhesabu, ndiyo maana kule wanakuchangia karata mapema uchoke mwenyewe. Akajibu, "Hapa si Marekani." Hilo kweli. Nikamuuliza basi ya kwetu: sura yangu imehifadhiwa? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inanipa haki ya kuambiwa. Akacheka. Mbele ya watu.

Na kilichonipandisha damu hasa ni hiki. Tukiwa bado tunabishana, fundi alimaliza kazi yake, mashine ikaanza kunguruma vizuri, dada akaanza kuilisha karata. Nikamwambia kijana, haya, imepona, sasa hapa hata huyo Thorp mwenyewe hana cha kuhesabu, mnaniogopea nini? Niacheni nipoteze kama wenzangu! Hakuwa na jibu. "Mzee, tokeni tu meza hii, mashine za sloti ziko kule." Sloti! Mimi!

Chipu zangu walinilipa zote, sikukatwa hata shilingi, na walinipa maji ya baridi nikisubiri. Kwa hiyo nilikuwa nitoe nyota tatu. Nikikumbuka kile kicheko nashusha ziwe moja. Yule dada wa karata peke yake anastahili tano, na natumaini haya hayatamletea shida kazini.

Ila juzi nimekutana na yule Mtaliano pale sokoni akichagua maembe. Anasema mashine imekwama tena na meza inachangwa kwa mkono tangu wiki iliyopita, fundi anasubiri kipuri kutoka Nairobi. Nikiwaza vizuri, kijana alinitoa mezani tu, mlangoni hajanikataza. Jumamosi nitapita, nimevaa kofia.