Chati ya ukoo wa Tyrannosaurus inayouzwa Birere: nunueni, ila tawi moja lisahihishwe

Walimu wenzangu wa Goma mmekuwa mkiniuliza kuhusu ile chati ya dinosaria niliyotundika darasani. Nimeinunua dola 6 kwenye duka la vifaa vya shule kule Birere, mtaa wa biashara hapa Goma. Faranga pia wanapokea. Karatasi ni nzito, imepakwa plastiki, kwa hiyo vumbi letu jeusi la lava linafutika kwa kitambaa chenye maji. Maandishi ni ya Kifaransa, na mwanafunzi wa benchi la nyuma anayasoma bila shida.

Kinachonifurahisha ni kwamba mchoraji hakuwapanga wanyama kwa ukubwa wala kwa ukali. Amechora mti wa nasaba. Shina pana ni Tyrannosauroidea: humo anaingia kila mnyama ambaye undugu wake na Tyrannosaurus rex (T. rex), yule dinosaria mkubwa mla nyama, ni wa karibu kuliko undugu wake na dinosaria wengine kama Ornithomimus au Velociraptor. Ndani ya shina hilo kuna familia yenyewe, Tyrannosauridae, jina alilolitoa Osborn, mtaalamu wa visukuku wa Marekani, mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya kumpa T. rex jina. Siku hizi mipaka ya familia huwekwa hivi: tafuta mhenga wa karibuni zaidi wa Tyrannosaurus, Albertosaurus na Gorgosaurus, yeye na uzao wake wote ndio familia. Halafu inagawanyika. Upande mmoja wako Albertosaurus na Gorgosaurus, wenye umbo jepesi, waliochimbuliwa Kanada. Upande wa pili yuko T. rex pamoja na Daspletosaurus, na Tarbosaurus wa Mongolia.

Kasoro iko chini, kulia: Allosaurus ameingizwa katika familia hii. Huyo ni wa tawi jingine kabisa, na alitangulia T. rex kwa mamilioni mengi ya miaka. Wanafunzi walilidaka kosa haraka: "Prof, huyu ana vidole vitatu, T. rex ana viwili!" Wameona vizuri, lakini hoja hiyo peke yake haitoshi. Kwenye chati hiyohiyo yupo Yutyrannus wa China, aliyetangazwa mwaka 2012, urefu wake kama mita 9, mwili wenye manyoya ya nyuzinyuzi. Naye ana vidole vitatu, na bado ni wa shina la Tyrannosauroidea, ingawa yuko nje ya familia. Wanasayansi hawaamui kwa kidole. Wanalinganisha mifupa mingi kwa pamoja, kuanzia pua na meno ya mbele hadi nyonga na nyayo, ndipo wanachora mti. Somo hilo lilikula saa nzima na sijutii hata dakika moja.

Nilimweleza mama mwenye duka. Akanipa kalamu: "Mwalimu, niandikie hapa, nitampelekea mwenye kuchapa."

Kwa watoto wa msingi majina yatakuwa mazito. Kwa sekondari nunueni, mbandike kikaratasi juu ya Allosaurus kabla ya kuitundika.