Siku sita ndani ya Peugeot 404: Nairobi, Usambara hadi Mombasa

Nilipolipia nafasi mbili katika msafara wa magari ya zamani kutoka Nairobi hadi Mombasa kupitia Tanzania, nilichokitamani zaidi ni kumwona mjomba wangu akishika tena usukani wa Peugeot 404. Mjomba alikuwa dereva na fundi huko Korogwe kwa zaidi ya miaka 30, na gari la kwanza alilofundishwa kulitengeneza lilikuwa la aina hiyo. Safari ilifanyika mwishoni mwa Januari na ilichukua siku sita. Kwa sehemu kubwa nimeridhika nayo, ila lipo jambo moja lililokaribia kuiharibu, nalo ni namna waandaaji walivyohesabu saa za barabarani.

Tulilipa dola 1,900 kwa kila mtu, na dola 500 za dhamana ya gari zilizopaswa kurudishwa mwishoni. Malipo hayo yalijumuisha gari lenyewe, vyumba, vifungua kinywa na vyakula vya usiku, bima pamoja na kadi ya njano ya COMESA, yaani hati ya bima ya gari inayotambuliwa pande zote mbili za mpaka, na gari la mafundi lililobeba vipuri. Petroli na chakula cha mchana vilikuwa juu yetu. Msafara ulikuwa na magari manane na watu 17: Peugeot 404 yetu ya mwaka 1966, Peugeot 504 mbili, Land Rover ya Series IIA, Volkswagen Beetle, Ford Escort ya toleo la kwanza, Datsun 1200 na Mercedes-Benz ya dizeli ambayo haikutuletea tatizo hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Magari matatu kati ya hayo yalikuwa mali ya wasafiri wenyewe, na yaliyobaki tulikodishiwa.

Magari haya hayakuchaguliwa kwa sura tu. Aina nyingi kati ya hizo zina historia katika barabara za Afrika Mashariki, kwa kuwa mashindano ya Safari Rally yaliyoanza mwaka 1953 yalizipima mbele ya macho ya watu wetu. Beetle ilishinda katika miaka ile ya mwanzo. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikatwaa ushindi mara tatu mfululizo, mwaka 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na mjomba bado anakumbuka jinsi watoto wa mtaani kwao walivyokuwa wakikimbia kando ya barabara kila Pasaka ili kuyaona magari yakipita na mavumbi yake. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 idadi ikawa ileile. Asubuhi ya kwanza, kiongozi wa msafara alitueleza historia hiyo kwa ufupi na kwa usahihi, jambo lililonionyesha kwamba tumekabidhiwa kwa mtu anayeyapenda magari haya.

Gari letu lilikuwa katika hali njema. Mpini wa gia nne uko kando ya usukani, na kwa aliyezoea gari la siku hizi inachukua nusu siku mkono kuacha kuutafuta chini. Breki ni za ngoma katika magurudumu yote manne, hivyo mguu unatakiwa kuanza kazi mapema sana kuliko ulivyozoea. Viti ni vipana na laini, na springi zake humeza mashimo kwa upole ambao sijaukuta katika gari lolote jipya nililowahi kuendesha. Mjomba alipoketi mara ya kwanza alipapasa dashibodi kwa kiganja, akasikiliza injini kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, plagi ya tatu haichomi vizuri." Fundi wa msafara alifungua na kukuta ni kweli, akaibadilisha palepale kabla hatujatoka Nairobi.

Siku ya kwanza tulikusudia kufika Arusha, safari ya kilomita 270 hivi. Mpakani Namanga ofisi za nchi zote mbili ziko mahali pamoja, na watu tulipita haraka. Kilichotuchelewesha ni karatasi za magari. Mojawapo ya magari ya kukodi lilikuwa limewahi kubadilishiwa injini, na namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari haikulingana na namba iliyopigwa kwenye injini. Ofisa aliyetuhudumia alikuwa na haki ya kuuliza. Waandaaji ndio waliopaswa kulirekebisha jambo hilo wiki kadhaa kabla, kwa kuwa gari la umri huo ambalo halijabadilishiwa injini ni nadra, na kila mwenye kushughulika na magari ya zamani anajua hivyo. Tulikaa pale saa tatu nzima juani. Nashauri kila anayepeleka gari lake mwenyewe alinganishe namba za chesisi na injini na zile za kitabuni kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Baada ya Namanga ilibidi tuzingatie mwendo. Barabara za Tanzania zina vibao vingi vya kilomita 50 kwa saa katika vijiji na miji, na askari wa usalama barabarani wenye tochi za kupimia mwendo wanakuwa hapo hapo kibao kinapoanza. Mshale wa mwendo katika magari haya hauaminiki, na ule wa Land Rover unasoma kwa maili. Waandaaji walilifikiria hilo vizuri sana, kwani kila gari lilipewa kifaa kidogo cha setilaiti kilichoonyesha mwendo halisi kwa kilomita. Kwa siku zote sita hakuna gari lililoandikiwa faini. Siku ya pili, kutoka Arusha hadi Moshi, ilikuwa ya mapumziko zaidi kuliko safari, na Mlima Kilimanjaro ulijitokeza jioni kwa dakika chache kisha ukajifunika.

Siku ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kirefu.

Kutoka Moshi hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kupanda milima ya Usambara. Katika ratiba iliandikwa kwamba tungeondoka saa tatu asubuhi na kufika Lushoto saa tisa alasiri. Basi dogo au gari jipya lingeweza kutimiza hilo bila taabu. Msafara wa magari manane yenye umri wa miaka 50 na zaidi hauwezi, kwa sababu mwendo wa msafara ni mwendo wa gari lililo dhaifu kuliko yote, na kila gari moja likisimama, yote husimama. Mjomba aliisoma ratiba ile wakati wa kifungua kinywa na kusema kwa adabu kwamba tungefika usiku. Kiongozi alimsikiliza, lakini hakubadilisha chochote.

Barabara inapita chini ya milima ya Upare, ukiwa na ukuta wa mawe upande wa kushoto na nyika kavu upande wa kulia, na mwezi wa Januari joto la hapo ni kali. Karibu na Same, Peugeot 504 moja ilizimika na kukataa kuwaka. Petroli ilikuwa imechemka ndani ya pampu na kugeuka mvuke, ambao pampu haiwezi kuusukuma. Mafundi waliifunika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, wakasubiri, na baada ya dakika 40 gari likawaka. Tulipofika mashamba ya mkonge karibu na Mombo, Land Rover ilipata pancha, na gari la mafundi lilipomaliza kuisaidia likatangulia nayo kuelekea mlimani. Sisi tulibaki nyuma, wa mwisho kabisa, jua likiwa tayari limeelekea kuzama.

Kupanda kutoka Mombo ni kukata kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na barabara ni nyembamba kiasi kwamba ukisikia honi ya lori unatafuta mahali pa kujibana. Kabla ya kufika Soni mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, na mvuke ukaanza kutoka kwenye rejeta. Feni ya 404 hushikwa na sumaku ya umeme: maji yakiwa baridi huachiwa, na yakipata moto sumaku huikamata ili izunguke pamoja na pampu ya maji. Siku ile sumaku haikukamata. Nilijaribu kuwaita mafundi kwa redio ya mkononi, lakini kona za mlima zilikuwa zimekwisha kutukatia mawasiliano, na simu nayo haikushika mtandao.

Mjomba alishuka bila haraka. Alisubiri injini ipoe, akaomba spana katika sanduku la vifaa lililokuwa nyuma ya gari, akazikaza zile bolti tatu zilizo kwenye kitovu cha feni mpaka feni ikashikamana na puli yake moja kwa moja, ikawa inazunguka wakati wote bila kuitegemea sumaku. Akaongeza maji kidogo kidogo. "Hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudi kazini. Tulifika Lushoto karibu saa mbili usiku, taa zetu zikimulika hatua chache tu mbele ya gari. Ninamshukuru Mungu kwa utulivu wa mjomba, lakini siwezi kuisifu huduma iliyotuacha wawili mlimani jioni, gari la mafundi likiwa mbele yetu. Gari la mafundi mahali pake ni mkiani, nyuma ya gari la mwisho.

Nililisema hilo usiku uleule mbele ya wote, na kiongozi hakujitetea. Alikiri kosa, akamwomba mjomba radhi kwa kutomsikiliza asubuhi, na kuanzia safari iliyofuata mambo mawili yalibadilika: mafundi walikaa nyuma, na tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya joto. Hatukuchelewa tena mahali popote. Inaniuma kidogo kufikiria kwamba ratiba nzuri namna hiyo ingeweza kuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa haikuhitaji fedha wala vifaa zaidi.

Siku ya nne tulipumzika Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Baridi ya asubuhi ilitufanya tuvae masweta, na sokoni tulinunua plamu na peasi kwa ndoo ndogo. Mafundi walitumia siku nzima kukagua kila gari. Walirekebisha sumaku ya feni yetu, wakasafisha ngoma za breki na kubadilisha maji ya breki kwa kuwa siku ya kushuka ilikuwa inakuja. Kushuka huko kunahitaji nidhamu. Tuliagizwa tutumie gia ya pili muda wote, tusiukalie mguu wa breki, na tusimame Soni kwenye maporomoko ya maji hata kama hakuna gari lenye tatizo, ili ngoma zipoe. Escort pekee ndiyo iliyotoa harufu ya breki kuungua, na ilipumzishwa nusu saa.

Tanga tulifika mapema, tukiwa na nafasi ya kuoga na kutembea ufukweni. Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwa nikilijua: kabureta na muda wa kuwaka, yaani wakati plagi inapotoa cheche, vikipangwa kwa hewa nyepesi ya Nairobi havifai usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito zaidi. Injini yetu ilikuwa imeanza kugonga tulipokuwa tukikanyaga mafuta kwenye vilima vidogo baada ya Segera. Fundi mkuu alirudisha nyuma kidogo muda wa kuwaka, akaongeza petroli katika kabureta, na asubuhi yake gari lilikwenda kama limepewa mapafu mapya. Aliyafanyia hivyo magari yote ya petroli, moja baada ya jingine, mpaka usiku, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Kazi ya mafundi wale, wakishawekwa mahali panapostahili, ndiyo iliyonifanya nione kwamba fedha zangu hazikupotea.

Siku ya mwisho tulivuka mpaka wa Horohoro kwa muda usiozidi saa moja, karatasi zote zikiwa zimenyooshwa safari hii, tukapita Ukunda na kufika Likoni adhuhuri. Magari manane yalipanda kivuko kwa pamoja, na abiria waliokuwa kwa miguu waliyazunguka. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya vito alisimama mbele ya 404 yetu, akaamkiana na mjomba, na wakaanza kuulizana habari za gia na za rejeta kana kwamba wamejuana miaka mingi, hata kivuko kilipofika ng'ambo ilibidi tuwakumbushe kwamba magari ya nyuma yanasubiri.

Dhamana yetu ilirudishwa baada ya siku nne, ikiwa imekatwa dola 25 za kifuniko cha gurudumu kilichopotea mahali fulani kati ya Mombo na Soni. Makato hayo nimeyakubali, kwa kuwa tuliyasoma katika mkataba. Nimeomba kwa maandishi nafasi mbili katika msafara wa Agosti, kwa sharti kwamba ratiba ionyeshe saa za kuondoka na mahali pa gari la mafundi, na jibu nililopata lina ratiba hiyo mpya ndani yake. Mjomba ameshaulizia kama 404 ileile itakuwapo.