Ledger Nano S Plus kwa mtu wa Dodoma: usalama upo, haraka hakuna

Kidude hiki, pochi ya kutunzia funguo za sarafu za kidijitali kama Bitcoin, hakina betri wala Bluetooth. Unakichomeka kwa waya wa USB-C kwenye kompyuta au simu ya Android. Mwenye iPhone atafute kingine. Kabla ya kuidhinisha muamala, soma anwani ya pochi unayoitumia sarafu kwenye kioo cha kidude chenyewe, si cha simu, maana virusi hubadilisha anwani uliyonakili na sarafu ikishatumwa hairudi. Kioo ni kidogo, kinachosha macho. Soma tu.

PIN ina tarakimu 4 hadi 8. Ukikosea mara 3 mfululizo kinajifuta, unarejesha kwa maneno 24 ya siri ambayo kidude hukuonyesha unapokianzisha. Kazi yenyewe iko hapo, kuyatunza maneno hayo. Karatasi kwa Dodoma ni chakula cha mchwa. Tafuta bamba la chuma kisichoshika kutu na seti ya herufi za kugongea, ugonge herufi 4 za mwanzo za kila neno, zinatosha kulitambua. Neno la herufi 3 gonga lote. Usimpe fundi akugongee, na usipige picha.

Kikifika na maneno yameshaandikwa, huo ni utapeli, usikitumie. Hela ya kuzungusha wiki hii iache kwenye programu ya pochi ya sarafu kwenye simu, kiasi ambacho hata simu ikikwapuliwa sokoni Majengo, ada ya shule bado ipo.