Ofisi ya msaada wa kisheria iliyonisaidia kusafiri nikisubiri kiapo cha uraia

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoizuia nitaieleza. Ni ofisi ndogo ya msaada wa kisheria kwa wahamiaji hapa Columbus, Ohio, haiendeshwi kibiashara. Dada aliyenihudumia si wakili. Ni mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria ya Marekani kushughulikia mambo ya uhamiaji, na barua ya idhini yake imetundikwa ukutani. Popote mtakapokwenda ulizieni idhini hiyo, maana wanaojaza watu fomu kwa pesa bila ruhusa yoyote ni wengi na wanaumiza watu.

Mimi nilikwenda kwa sababu moja. Maombi yangu ya uraia, fomu ya N-400, yalishapokelewa na USCIS, idara ya Marekani inayoshughulikia uraia na uhamiaji, alama za vidole nilishatoa, nikawa nangoja kuitwa kwenye usaili. Wakati huo huko Tanga mama alikuwa amepangiwa upasuaji wa nyonga, na mimi ndiye kifungua mimba wake. Jamaa mmoja wa kujaza fomu akaniambia kwamba ukitoka nje ya nchi maombi yakiwa bado yanashughulikiwa, umeyafuta, na ada yako imekwenda. Ada yenyewe kwa anayeomba mtandaoni ni dola 710. Lakini pesa haikuniuma kama wazo la kuchagua kati ya mama na miaka yangu yote ya kusubiri.

Dada yule alinisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akasema: hapana, hujafuta chochote. Mwenye grini kadi ni mkazi wa kudumu mpaka siku anayoapa, na mkazi wa kudumu anaruhusiwa kusafiri. Ya kuangalia ni siku zako na barua zao.

Akaanza na siku. Aliomba pasipoti zangu zote, pamoja na ile iliyokwisha muda wake, akafungua kalenda ya karatasi mezani. Akapita muhuri mmoja baada ya mwingine, kidole juu ya tarehe, kalamu mkono wa pili. Muhuri mmoja wa Dar es Salaam wino ulikuwa umefifia kwenye mkunjo wa ukurasa. Akauinua karibu na taa, akaugeuza huku na huku, bado hakuridhika. Akanitaka nitafute tiketi ya safari ile kwenye barua pepe, na hakuendelea mpaka ilipopatikana. Hata safari ya Toronto ya mwisho wa wiki aliiandika, kwa kuwa fomu inauliza kila safari ya saa 24 au zaidi, na ofisa wa usaili atauliza pia zile ulizofanya baada ya kutuma maombi.

Kwa anayeomba kwa njia ya miaka 5, yaani ya kuwa mkazi wa kudumu kwa miaka 5, lazima awe amekaa ndani ya Marekani angalau miezi 30 katika miaka hiyo kabla ya kuomba. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote zinahesabiwa kuwa ulikuwa ndani. Safari moja ikizidi miezi 6, wanachukulia kwamba umekatiza makazi yako, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo inakuwa yako. Ikifika mwaka, umeyakatiza. Nililokuwa silijui, na nadhani wengi hawalijui, ni kwamba sharti hilo la makazi haliishi siku unapotuma fomu. Linakufuata mpaka kwenye kiapo.

Barua ndizo zilizomtia wasiwasi zaidi. Mimi nilitaka kukaa Tanga miezi 3. Kisheria inawezekana, alisema, lakini nani atafungua sanduku lako la barua? Wito wa usaili unaweza kuja wakati wowote. Ukiupata unaweza kurudi, au kuomba kubadilishiwa tarehe kabla siku haijafika. Ukikaa kimya usitokee, wanaweza kulifunga faili. Akakaa nami mpaka nikaifungua akaunti yangu ya USCIS kwenye simu, nikawasha taarifa, kisha akaniambia nimpe mtu ninayemwamini ufunguo wa sanduku. Nilipunguza safari kuwa wiki chache na nikanunua tiketi inayobadilishika, ingawa ni ghali zaidi. Wito ulinikuta nikiwa wodini na mama, na tarehe yake ilikuwa baada ya kurudi kwangu. Mama sasa anatembea kwa mkongojo mpaka barazani.

Jambo jingine lililonisaidia ni hili: grini kadi yangu ilikuwa imekwisha muda. Tangu Desemba 12, 2022, anayetuma N-400 huongezewa miezi 24 kwenye muda wa kadi yake, na ushahidi wake ni barua ya USCIS ya kupokea maombi. Alinisisitizia nibebe barua halisi pamoja na kadi, kwenye mkoba wa mkononi. Uwanja wa ndege wakati wa kurudi, kijana wa kaunta aliitazama tarehe ya kadi akamwita mkubwa wake. Yule mkubwa akaisoma barua mstari kwa mstari, akanirudishia, nikapewa kiti.

Kuhusu kiapo, aliniuliza kwanza mimi ni raia wa nchi gani, na hapo ndipo nilipomheshimu hasa. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake akichukua mwingine. Katiba yao ya 2010 inamlinda. Sisi Watanzania hatuna ruhusa hiyo. Siku ya kiapo unakabidhi grini kadi, na pasipoti ya Tanzania huna haki nayo tena. Unabaki na cheti cha uraia, nacho unatakiwa kukiambatisha, kile kile halisi, unapoomba pasipoti ya Marekani. Kwa hiyo msikate tiketi ya wiki ya kiapo. Halafu kuingia nyumbani ni kwa viza, dola 100. Fomu ya siku ya kiapo, N-445, inauliza pia kama umesafiri tangu usaili. Jibuni kweli na muwe na tarehe.

Sasa ile nyota. Simu yao haipokelewi, na mkalimani wa Kiswahili hayupo kila siku. Nilimwona mzee wa Kikongo akitafsiriwa na mjukuu wake, mtoto wa shule ya msingi, maswali ya kodi na ya kesi za zamani. Mtoto alikuwa anakwama, babu anazidi kuinama. Kazi ile haimfai mtoto, na ofisi nzuri kama hii inapaswa kulirekebisha hilo haraka. Pia wakishakushauri hawakufuatilii. Ukipata wito, ni wewe wa kurudi kwao.

Kikao kimoja ni dola 40, na asiye na uwezo anasikilizwa. Nendeni na pasipoti zote, barua za USCIS na orodha ya safari mliyoiandika wenyewe. Wanapokea watu Alhamisi tu. Mlango unafunguliwa saa tatu asubuhi, na kufika saa tano nafasi za siku hiyo huwa zimejaa.